"Saray": Uturuki ni kasri la sultani, Urusi ni banda la kuni. Ilikuwaje?

#1 Mchuuzi wa Msimbazi
Wakuu, salaam. Nina swali kwa wajuzi wa lugha.

Nafuata nguo Istanbul, na kama wengi wetu nafikia mitaa ya Laleli na Aksaray, kwenye maduka ya jumla. Waliofika wanajua kwamba pale Kirusi kinasikika kila kona. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, wachuuzi wa Urusi, Ukraine na nchi jirani walimiminika mitaa ile na mabegi matupu wakarudi nayo yamejaa, na mabango ya Kirusi bado yapo mpaka leo.

Sasa muuzaji mmoja wa makoti, mama wa Kiukraine aliyeolewa pale, akaniuliza nalala wapi. Nikamwambia Aksaray. Akacheka sana. Akasema kwao hilo lingekuwa "banda jeupe". Kwa Kituruki *ak* ni nyeupe na *saray* ni kasri, jumba la sultani. Kwake yeye *sarai* ni kibanda cha uani cha kuwekea kuni, majembe na baiskeli mbovu.

Je, ni neno lile lile? Kama ndilo, nani kalishusha kutoka ikulu hadi uani? Naomba majibu yenye mashiko.

#2 Kidevu
Sarai ninayemjua mimi ni mke wa Abramu, kabla hajabadilishiwa jina kuwa Sara.

#3 Karani wa Kamusi
Mkuu #2, hilo ni jina la Kiebrania. Halina undugu na kasri wala banda.

Mleta mada, ni neno lile lile, halijafanana kwa bahati. Mzizi wake ni Kiajemi, *saray*, maana yake nyumba, makao, ukumbi mkubwa. Kutoka huko likaingia kwenye lugha za jamii ya Kituruki: Kituruki chenyewe, Kitatari, Kikazaki, Kiuzbeki na ndugu zao. Kwa hao ndiko Waslavi walikolichukua. Max Vasmer, mwenye ile kamusi kubwa ya asili za maneno ya Kirusi iliyochapwa Heidelberg kati ya 1950 na 1958, anaeleza hivyo hivyo. Na mzee yule anastahili heshima: maktaba na madondoo yake yaliteketea kwa mabomu Berlin mwaka 1944, akakaa chini akaanza upya.

Njia ya neno haina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye maana: lilishukaje? Hapo kila mtu ana lake.

#4 Mzee wa Volga
Vijana, nimesoma Moscow, kwenye Chuo cha Urafiki wa Mataifa, kile kilichofunguliwa 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Mwalimu wetu wa Kirusi alitufundisha hivi.

Wamongolia na Watatari walipoitawala Urusi, makao makuu yao yalikuwa mji wa Sarai, kule mto Volga, sehemu ya chini. Batu, mjukuu wa Genghis Khan, ndiye aliyeuanzisha. Mwana wa mfalme wa Kirusi hakutawala mpaka afunge safari kwenda Sarai kupiga magoti mbele ya khan, mtawala wao, na kupewa hati. Hiyo hati iliitwa *yarlyk*. Kodi ilikwenda huko, mateka walikwenda huko, na wapo wakubwa waliokwenda wasirudi. Zaidi ya miaka 200 ya unyonge. Utawala ule ulipoanguka, Warusi wakalipiza kwa ulimi: Sarai, kiti cha khan, ikawa jina la banda.

Mleta mada, wewe muuza nguo angalia hapa. Leo *yarlyk* kwa Kirusi ni kile kibandiko cha bei kwenye koti. Hati ya khan imekuwa karatasi ya bei! Haliko peke yake basi.

#5 Pwani Tulivu
Shikamoo Mzee #4. Hiyo ya kibandiko imenifurahisha. Kumbe wachuuzi wetu wanarudi Dar na mizigo ya hati za khan.

#6 Fundi Msumeno
Marahaba kwa niaba ya mzee 😄 lakini maelezo yake siyakubali. Ni hadithi tamu, na mwalimu anayetaka darasa lisisinzie lazima aipende. Ila ipimeni.

Kama Warusi walitaka kudhalilisha maneno ya mabwana wao wa zamani, mbona mengine waliyaacha na heshima yake? *Kazna* ni hazina ya dola, na ni ndugu wa "hazina" yetu, mzizi mmoja wa Kiarabu uliopitia lugha za jamii ya Kituruki ukafika Moscow. *Dengi*, fedha, nalo limetoka huko huko, ndugu wa *tenge* ya Kazakhstan. Hakuna Mrusi anayedharau hazina wala fedha. Dharau gani hiyo inayochagua neno moja na kuliacha jirani yake?

Mimi naona ni biashara tu. Waajemi na Waturuki walikuwa na *karavansarai*, nyumba ya kupumzikia misafara. Ile si kasri. Ni ua mkubwa wenye kuta, mabohari ya mizigo na mabanda ya ngamia na farasi. Mfanyabiashara wa Kirusi aliyekwenda kwenye masoko ya Volga aliona nini? Jengo kubwa lenye paa, ndani mna mizigo na wanyama. Akalichukua jina kwa kile alichokiona. Warusi wana *karetny sarai*, banda la magari ya farasi, na *sennoy sarai*, banda la nyasi kavu. Paa kubwa, mizigo, wanyama. Halijashuka popote.

#7 Mama Kaftani
Fundi, umejenga vizuri ila tofali moja halijakaa. Waturuki wa Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, nyumba ya misafara huiita *han* mara nyingi zaidi kuliko *kervansaray*, na *saray* peke yake kwao ni kasri.

Nimekwenda Sultanhanı, iliyo kati ya Konya na mji wa Aksaray, iliyojengwa 1229 na sultani wa Waseljuki, Alaeddin Keykubad. Lango lake ni jiwe lililochongwa kama taraza, huchoki kuliangalia. Ukiingia unakuta ua wa wazi, katikati kuna msikiti mdogo umeinuliwa juu ya matao manne. Nyuma kabisa kuna ukumbi mkubwa wa giza, safu kwa safu za nguzo nene, hewa yake baridi hata jua likiwa kali nje. Huko ndiko wanyama na mizigo walikokaa wakati wa theluji. Lango la mbele ni la kifalme, ukumbi wa nyuma ni zizi, na jengo ni moja. Kwa hiyo kwenye kiini nakuunga mkono: mtu angeweza kuliona jengo lile kama kasri au kama banda, inategemea alipewa nafasi ya kulala upande gani.

Na mleta mada, Aksaray yako ya Istanbul haikuitwa hivyo kwa sababu ya kasri lililokuwa pale. Sultani Mehmed wa Pili alipokwisha kuuteka mji alihamishia watu mtaani hapo kutoka Aksaray hii ya Anatolia, nao wakaja na jina la kwao. Hiyo ya Anatolia ndiyo inayohusishwa na kasri jeupe la sultani Kilij Arslan wa Pili.

#8 Mchuuzi wa Msimbazi
Shukrani Mama Kaftani. Miaka yote nalala pale sikujua kuwa ni jina la wahamiaji. Sasa kwa hao ndugu wengine wa Kituruki, Wakazaki na wenzao, ni kasri au ni banda?

#9 Binti wa Almaty
Habari zenu. Naishi Almaty, naweza kujibu hilo.

Kwa Kikazaki *sarai* ni kasri, ukumbi wa heshima. Hapa mjini kuna jumba kubwa la shughuli za watoto wa shule, ngoma, elimu ya anga, michezo. Kwa Kirusi linaitwa *Dvorets shkolnikov*, kasri la wanafunzi. Kwa Kikazaki ni *Okushilar sarayi*. Maana ni ile ile. Lakini Mrusi asiyejua Kikazaki akisoma yale maneno ya Kikazaki anaona "banda la wanafunzi". Lugha zote mbili zinatumika mji mmoja, familia moja, wakati mwingine mdomo mmoja. Mtoto anamwambia bibi yake kwa Kikazaki kwamba anakwenda *sarai* kucheza ngoma, halafu anamgeukia jirani kwa Kirusi kumwambia baiskeli iko *sarai*. Hakuna anayechanganyikiwa.

Nami nina maoni tofauti na Mzee na Fundi. Nadhani mnakosea kuuliza nani kalishusha. Karani amesema Kiajemi kilimaanisha nyumba, ukumbi. Basi neno lilikuwa pana tangu mwanzo, na kila mtu alikata kipande chake. Wenye dola walikata kasri, wenye mifugo na mizigo walikata banda. Kumwona Mrusi ndiye aliyeharibu ni kudhani Kituruki cha Istanbul ndicho cha asili, kumbe nacho kimechukua kwa mwingine.

#10 Likoni Ughaibuni
Wadau, mimi ni Mkenya niko Vienna, na majirani zangu wengi ni Wabosnia. Mbona hamjataja Sarajevo? Hilo jina lina *saray* ndani yake waziwazi! Isa-beg Ishaković, gavana wa Waosmani, alijenga kasri lake pale mnamo 1462, na uwanda uliolizunguka ukaitwa *saray ovası*, uwanda wa kasri. Waslavi wakalitamka mpaka likawa Sarajevo. Waturuki wenyewe wanauita mji ule Saraybosna.

Na Wabosnia ni Waslavi, sawa na Warusi. Kwao *saraj* ni kasri, si banda. Waserbia na Wabulgaria pia. Kwa hiyo msiseme "Waslavi wamelishusha". Ni Warusi, Waukraine na jirani zao wa mashariki tu.

#11 Karani wa Kamusi
Likoni, hoja yako ya mwisho ni nzito na inafaa kukaziwa. Waslavi wa Balkani walitawaliwa na Waosmani, wakaliona kasri la gavana limesimama mjini kwao, wakabaki na maana ya kasri. Waslavi wa mashariki walikutana na Watatari wa nyika, mwendo wa majuma mbali na kwao. Neno moja, milango miwili.

Ila hiyo ya *ovası* haijakubaliwa na wote. Kuna wanaosema *-evo* ni mwisho wa kawaida wa Kislavi wa kuonyesha umilikaji, kama Kraljevo, Valjevo na Smederevo. Kwa maelezo hayo Sarajevo ni "mahali pa saraj" tu, na huo uwanda wa Kituruki umeongezwa baadaye na watu waliopenda kila silabi iwe na maana. Wengine wanasema yote mawili yalisaidiana: Mturuki alisikia *ova*, Mslavi akasikia *-ovo*, kila mmoja akaridhika.

#12 Likoni Ughaibuni
Haya bana, lakini jirani yangu mzee wa Sarajevo simwambii hiyo. Atanifungia mlango.

Nyongeza: Kipolandi kina *seraj*, na si banda wala kasri la kawaida, ni makao ya sultani na wake zake. Hilo limezunguka kupitia Ulaya Magharibi. Waitalia walilichukua *saray* wakalichanganya na neno lao *serrare*, kufunga kwa komeo, likawa *serraglio*, mahali pa kufungia. Kwa Kiitalia hata boma la wanyama wa porini lilibeba jina hilo. Wafaransa wakasema *sérail*. Kwa hiyo ukitoka Lviv ukavuka mpaka kuingia Poland, neno linatoka kuwa banda la kuni linakuwa nyumba ya wake wa sultani, na kilomita zenyewe si nyingi.

#13 Kidevu
Hapo kwa kufungia ndipo nilipoelewa. Wake, simba, wote ndani.

#14 Msafiri wa Muscat
Wa aleikum salaam kwa mliotangulia. Nimesoma Kairo zamani, nawaongezea upande wa Waarabu kwa kuwa nao walilipata kwa Waosmani. *Saraya* Misri ni kasri. Lakini ukimwambia Mmisri "saraya ya manjano", hafikirii mfalme. Anafikiria hospitali ya wagonjwa wa akili ya Abbasiya. Na Beirut, ofisi ya waziri mkuu wa Lebanon inaitwa As-Saray. Jengo la dola likibadilisha kazi, neno linakwenda nalo. Labda na kule Volga ndivyo ilivyokuwa.

#15 Mzee wa Volga
Nimewasoma wote. Fundi ameniuliza kuhusu *kazna* na *dengi*, nami namjibu. Hazina na fedha Warusi waliendelea kuvitumia, walivihitaji kila siku. Kiti cha khan hawakukihitaji. Neno lisilo na kazi ndilo linalookotwa na kupewa kazi duni. Hiyo ndiyo tofauti.

Na kwa ambao hamjaiona *sarai* yenyewe. Rafiki yangu wa darasani alikuwa na wazazi wenye *dacha*, nyumba ndogo ya shamba nje ya Moscow. Uani kulikuwa na *sarai*: mbao za kijivu zisizopakwa rangi, mlango umening'inia kwenye bawaba moja, paa la karatasi ya lami. Ndani magogo ya kuni yamepangwa mpaka darini, koleo la theluji, kijigari cha kuteleza cha watoto, ndoo ya zinki, pipa la kabichi. Harufu ya utomvu na udongo. Babu wa nyumba ile alishinda humo kuliko sebuleni. Alikuwa akinyoosha misumari iliyopinda, mmoja mmoja, anaitia kwenye kopo. Vita ilimfundisha asitupe kitu. Nikamwuliza kama anajua neno *sarai* ni kasri kwa Waturuki. Akasema: "Na hili ni langu."

#16 Pwani Tulivu
Mzee, jibu la babu huyo limekata maneno yote ya wasomi humu.

#17 Mwana Kilwa
Wakuu, ngoja niwalete nyumbani kidogo, maana kuna uhusiano wa kweli hapa ambao hakuna aliyeutaja.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Miaka michache tu baadaye mtu huyo huyo alikuwa Sarai, mji huo huo wa khan mnaougombania. Ameandika kwamba ni mji mkubwa kupita kiasi, wenye masoko mazuri na njia pana. Siku moja yeye na mwenyeji wake walipanda farasi asubuhi kutoka ncha moja ya mji ili waupime, wakafika ncha ya pili adhuhuri imeshapita. Anataja mataifa yaliyoishi mle, kila moja na mtaa wake na soko lake: Wamongolia, Wakipchak, Wacherkesi, Warusi, Warumi wa Bizanti.

Warusi walikuwa na mtaa wao ndani ya Sarai! Sasa Mzee, watu waliokaa mji mkubwa vile, wakafanya biashara humo, ndio walioubadilisha jina kuwa banda?

#18 Karani wa Kamusi
Naongezea kwa Mwana Kilwa: kanisa la Urusi lilikuwa na askofu wake Sarai tangu 1261. Hawakuujua mji ule kwa kusimuliwa.

#19 Fundi Msumeno
Pia Sarai zilikuwa mbili. Moja ilikuwa karibu na kijiji cha Selitrennoye, mkoa wa Astrakhan, nyingine karibu na Tsarev, mkoa wa Volgograd. Wataalamu bado wanabishana Ibn Battuta alipanda farasi kwenye ipi.

Na mwisho wa mji huo unafaa ujulikane. Timur, mtawala wa Asia ya Kati, aliuvunja 1395. Huyo Timur ndiye aliyekuwa anajijengea kasri Shahrisabz, Uzbekistan, na kasri lenyewe linaitwa Ak-Saray. Aliyejenga kasri jeupe lake ndiye aliyebomoa Sarai ya wenzake. Halafu baada ya Urusi kuiteka Astrakhan 1556, walipojenga ngome ya mawe pale miaka ya 1580, matofali waliyabeba kutoka kwenye magofu ya Sarai. Mji mzima ulichimbwa ukahamishwa kama machimbo ya kokoto.

#20 Mzee wa Volga
Fundi, umenisaidia bila kutaka. Kizazi kilichokwenda Sarai kubeba matofali hakikuona kasri. Kiliona kuta zilizovunjika na mbuzi ndani. Ukimwambia mtu wa kizazi hicho "sarai", picha gani inamjia?

#21 Fundi Msumeno
Hiyo ingefaa kwa watu wa Astrakhan, mzee wangu. Mkulima wa Novgorod hajawahi kuyaona magofu hayo, na banda lake analiita *sarai* vile vile. Neno lilimfikia likiwa tayari ni banda, na waliomfikishia ni wafanyabiashara.

#22 Binti wa Almaty
Au lilimfikia kutoka kwa Watatari wa kawaida, waliokuwa na mabanda yao wenyewe. Mnazungumza kana kwamba kila Mtatari alikuwa khan.

#23 Kidevu
Kwa hiyo na "serikali" yetu imetoka humo humo? Sarai, seri, serikali. Wakubwa si ndio wanaokaa kwenye makasri.

#24 Karani wa Kamusi
Hapana Kidevu, ingawa mji wa kwao ni mmoja. Serikali ni Kiajemi *sarkar*: *sar* ni kichwa, *kar* ni kazi, yaani mkuu wa kazi, msimamizi. Hiyo *sar* ya kichwa si *saray* ya nyumba.

Ila *kar* hiyo hiyo ya kazi tunayo kwenye neno jingine la kila siku: karakana. *Kar* ni kazi na *khana* ni nyumba. Nyumba ya kazi.

#25 Mama Kaftani
Karani, hapo nasimamisha uzi kwa tahadhari, hasa kwa vijana wanaokwenda Istanbul kununua vipuri. Neno hilo Kituruki wanalo, *kerhane*, limetoka huko huko kwenye nyumba ya kazi. Lakini kwa Kituruki ni danguro, tena ni neno la matusi. Usiingie kwenye duka la vipuri ukajaribu bahati kwa kuuliza karakana iko wapi ukidhani Kiswahili na Kituruki ni ndugu. Kijana mmoja wa kwetu aliuliza hivyo mbele ya mke wa mwenye duka, na nilikuwepo. Ilibidi nieleze kwa mikono.

#26 Pwani Tulivu
Mama, hapo nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#27 Binti wa Almaty
Kumbe! Uzbekistan *korxona* ni kampuni au kiwanda, liko kwenye nyaraka rasmi za biashara, lina heshima kabisa. Azerbaijan *karxana* ni machimbo ya mawe. Mturuki akipita Tashkent na kuona mabango ya *korxona* lazima ashangae na roho yake. Nyumba ya kazi ni moja, kazi ndizo zimetofautiana.

#28 Msafiri wa Muscat
Na Misri lina maana ile ile chafu ya Istanbul. Ndiyo sababu nadhani karakana yetu haikuja kwa Waturuki wala Wamisri.

#29 Fundi Msumeno
Imekuja kwa Wahindi, wala tusibishane. Kihindi na Kigujarati ni kiwanda, maana ile ile safi tuliyonayo. Mafundi wa reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, walitoka India kwa maelfu, na karakana za kwanza kubwa ndizo za reli.

#30 Mwana Kilwa
Fundi, usiharakishe. Waajemi na watu wa Ghuba walikuwa pwani hii karne nyingi kabla ya garimoshi. Bandari ni neno la Kiajemi na halikungoja reli. Kwa nini karakana lingoje?

#31 Fundi Msumeno
Kwa sababu bandari ilikuwepo na karakana haikuwepo. Watu waliunda majahazi ufukweni chini ya mkoko.

#32 Mzee wa Volga
Mmeshaondoka Volga, basi nami niwape mawili niliyoyaona kwa macho. Nilipokwenda Uturuki na wenzangu wa Kirusi, kila kituo cha basi kina bango DURAK. Kwa Kirusi *durak* ni mjinga. Wakapigana picha kila mmoja chini ya bango. Halafu mgahawani mhudumu akauliza kama tunataka *bardak*. Kituruki ni glasi. Kirusi *bardak* ni fujo, vurumai, na zamani danguro. Mama mmoja katika kundi akasema fujo tunayo ya kutosha, tuletee maji.

#33 Kidevu
Hiyo ya durak ina mantiki. Mjinga ni yule aliyesimama pale pale kama kituo.

#34 Karani wa Kamusi
Inavutia lakini hapana. Ya Kituruki imetoka kwenye *dur-*, simama. Ya Kirusi iko na ndugu zake wa Kislavi: *durnoy*, baya, na Kipolandi *durny*, mpumbavu. Hizo mbili zimegongana tu njiani.

*Bardak* ndiyo ngumu. Wapo wanaosema ni glasi ile ile ya Kituruki: mahali pa glasi pakawa mahali pa walevi, pa walevi pakawa pa malaya, pa malaya pakawa fujo. Wapo wanaosema ni *bordel* ya Kifaransa iliyobandikwa mkia wa *-ak* kwa kufuata *kabak*, kilabu cha pombe. Waserbia wanao *bardak*, na kwao ni mtungi wa udongo, jambo linalowapa nguvu watu wa glasi kwa upande wa Balkani lakini haliwasaidii sana kule Moscow.

#35 Likoni Ughaibuni
Madereva wa Kirusi wanakiita *bardachok* kile kijisanduku cha mbele ya abiria kwenye gari. Kifujo! Ukikifungua chochote unaona ni kweli.

#36 Mchuuzi wa Msimbazi
Wakuu, nawashukuru. Nimechapisha post ya Mzee na ya Fundi nimpelekee yule mama wa makoti, achague mwenyewe. Lakini mnisaidie moja la mwisho, maana linahusu riziki yangu. *Dükkân* ya Kituruki ndiyo duka letu?

#37 Msafiri wa Muscat
Ndiyo, Kiarabu *dukkan*. Waserbia wanasema *dućan*, Wabulgaria *dyukyan*, wote ni duka.

#38 Binti wa Almaty
Isipokuwa Warusi. *Dukhan* kwao ni mgahawa wa pombe wa kule Kaukasi. Warusi na nyumba za watu!

#39 Mama Kaftani
Na Mturuki akikunong'oneza kwamba *dükkân* yako iko wazi, usitoe tabasamu la biashara. Angalia zipu ya suruali.

#40 Fundi Msumeno
Mwana Kilwa, sijamaliza na wewe. Nitajie karakana moja tu ya pwani kabla ya reli.